Watoto wawili wa mbwa kwa mkupuo, au mmoja kwanza na mwingine baadaye?

Anayekwenda Tukuyu, Uyole au Mafinga kuchukua mtoto wa mbwa huondoka nyumbani akiwa amekusudia mmoja, na si mara chache hurudi na wawili ndani ya boksi moja. Mwenye mbwa huwa na maneno yake tayari: hawa ndugu wamezoeana, hawatalia usiku, watacheza wenyewe wewe ukiwa kazini, na huyu wa pili nitakupunguzia bei. Maneno hayo yana ukweli ndani yake, ndiyo maana yanashawishi. Swali ni kama ukweli huo unatosha kwa miaka kumi na zaidi ambayo mbwa hao wataishi katika ua wako.

Nimepita njia zote mbili. Nilipokuwa Isyesye, jijini Mbeya, nilichukua madume wawili wa tumbo moja kwa siku moja, nikawaita Simba na Chui. Miaka kadhaa baadaye, nikiwa nimehamia Kihesa mjini Iringa, nilichukua jike mmoja wa kienyeji, Popi, nikakaa naye karibu miaka miwili kabla ya kumleta dume mdogo, Jabali. Ulinganisho huu umetoka katika nyua hizo mbili, pamoja na yale ambayo madaktari wa mifugo na wakufunzi wa mbwa wanakubaliana. Msimamo wangu ni kwamba kwa kaya nyingi za huku kwetu, Nyanda za Juu Kusini, kuanza na mmoja ndiyo njia salama zaidi. Hata hivyo ipo kaya ambayo njia ya pamoja inaifaa, na yapo mambo ambayo njia hiyo inashinda bila ubishi. Nianze na moja la hayo.

Usiku wa kwanza, na baridi

Mji wa Iringa uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, Mbeya iko juu zaidi, na anayeishi Njombe au Makete hahitaji kuelezwa Juni ni nini, kwani huko jalidi huunguza majani ya viazi mbele ya macho yake. Mtoto wa mbwa wa wiki nane hawezi kutunza joto la mwili kama mbwa mzima. Simba na Chui walijikunja kama mkate mmoja ndani ya boksi lao, wakalala, nami nikalala. Popi alilia usiku tatu mfululizo. Nililiweka boksi lake karibu na kitanda changu, nikatia ndani chupa ya maji ya moto iliyofungwa katika sweta kuukuu, na kila alipolia niliteremsha mkono akaunusa. Usiku wa nne alilala hadi alfajiri.

Kwa hiyo, kwa usiku wa kwanza, njia ya pamoja inashinda. Lakini faraja ile ambayo mtoto wa mbwa huipata kwa nduguye ndiyo ambayo Popi aliitafuta katika mkono wangu, na tofauti hiyo, iliyoonekana ndogo usiku wa kwanza, iliendelea kukua kwa miezi iliyofuata.

Kuhusu banda, njia zote mbili hazitofautiani sana. Sakafu iinuliwe kutoka kwenye saruji au udongo, mlango usielekee upande upepo unakotoka, na ndani pawe na maranda makavu, ambayo kwa bahati njema mafundi seremala wa huku huyatupa. Wa njia ya pamoja ajenge mabanda mawili tangu mwanzo, hata kama mwezi wa kwanza atatumia moja.

Mafunzo

Hapa ndipo njia hizi zinapoachana kabisa. Mtoto wa mbwa ana kipindi kifupi, takriban kuanzia wiki ya 3 hadi ya 14 ya umri wake, ambapo ubongo wake unapokea kwa wepesi kila kitu anachokutana nacho na kukihesabu kuwa cha kawaida: watu wenye miavuli, watoto wenye sare za shule, kelele za mashine ya kusaga, bodaboda, radi. Kikipita, jambo geni huanza kupokelewa kwa woga kwanza. Kwa kuwa watu wengi huchukua mbwa akiwa na wiki nane, mmiliki anabakiwa na wiki sita hivi, na swali la msingi ni nani atakuwa kiongozi wa mbwa huyo ndani ya wiki hizo.

Mbwa aliye peke yake hukutegemea wewe. Akiona ng'ombe kwa mara ya kwanza anageuka kukutazama, na uso wako unamwambia kama kuna hatari. Mbwa aliye na nduguye humtazama nduguye, ambaye naye hajui lolote, na woga wa mmoja unakuwa woga wa wote wawili. Wakufunzi wengi wamekwisha kuona mwenendo huu kwa ndugu wanaolelewa pamoja: wanashikamana wao kwa wao kuliko na watu, hawafundishiki wakiwa pamoja, na wakitenganishwa wanapata fadhaa kubwa. Si ugonjwa uliothibitishwa na sayansi, wala si kila jozi inaupata. Ni mwelekeo unaojulikana kwa uzoefu, unaozuilika kwa kazi kubwa ambayo wengi wetu hatuifanyi.

Mimi sikuifanya. Simba akiwa na miezi mitano, nilikuwa nasimama mlangoni na kumwita, "Simba, njoo!" Anasikia, kwa maana masikio yanasimama. Kisha anageuza kichwa, si kwangu bali kwa Chui, ambaye wakati huo anachimba chini ya mparachichi. Anapima kidogo. Halafu anakwenda kuchimba. Nikimfuata na kumshika, wote wawili wanadhani ni mchezo. Siku nilipompeleka Simba peke yake kwa daktari kwa ajili ya homa ya kupe, Chui alilia kwa saa nne na kutafuna kizingiti cha mlango hadi fizi zikatoka damu, na jirani akamtuma mwanawe kuuliza kama kuna msiba.

Mahesabu yenyewe ni haya. Mbwa mchanga anahitaji vipindi viwili vifupi kwa siku, vya dakika 10 kila kimoja. Mwenye mmoja anatumia dakika 20. Mwenye wawili hawezi kuwafundisha pamoja mwanzoni, kwa sababu kila mmoja ni kivutio kwa mwenzake. Inampasa amfundishe mmoja huku mwingine akiwa mbali asikoonekana, kisha abadilishe, na kila mmoja akishaelewa awafundishe tena wakiwa pamoja. Dakika 20 zinakuwa saa nzima, kila siku, kwa miezi sita au zaidi, pamoja na matembezi mawili badala ya moja. Mtumishi anayetoka nyumbani saa kumi na mbili na nusu asubuhi, katika ukungu wa Julai ambapo vidole vinakataa hata kufungua ndoano ya mnyororo, atafanya hivyo kwa wiki mbili, kisha atawafungulia wote uani na kujiambia kwamba wanafundishana.

Kwa Popi nilitumia vipande vya dagaa na neno moja kwa kila tendo. Wapo wazee wanaocheka wanapoona mbwa analipwa dagaa ili akae, wakidai kwamba mbwa hufundishwa kwa fimbo. Mimi huwakumbusha panya buku wa shirika la APOPO pale Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, wanaofundishwa kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu kwa mlio mfupi unaofuatwa na kipande cha ndizi. Panya huyo hapigwi, na watu hukabidhi miguu yao kwa pua yake.

Jabali alipoingia akiwa na wiki tisa, Popi alikuwa anakuja akiitwa, anakaa kabla ya geti kufunguliwa, na anajisaidia kona moja ya ua. Jabali aliijua kona hiyo ndani ya siku chache kwa kumfuata tu. Huo ndio utajiri wa njia ya kufuatana, lakini usitiwe chumvi. Kwanza, mbwa mkubwa hafundishi mazuri pekee: Popi alikuwa na tabia ya kuifukuza kila pikipiki kando ya uzio, nami niliipuuza, na wiki ya pili nilikuwa na mbwa wawili wanaofukuza pikipiki. Kasoro ya wa kwanza irekebishwe kabla ya wa pili kuja, kwa maana baada ya hapo itakuwa maradufu. Pili, kumfuata mwenzake si kukutii wewe. Jabali alihitaji vipindi vyake mwenyewe, Popi akiwa amefungiwa upande wa pili wa nyumba, la sivyo angekuwa Simba mwingine anayemtazama Chui mwingine.

Na jambo dogo kuhusu majina, ambalo nililigundua kwa aibu. Jabali mwanzoni aliitwa Bosi. Ukiita "Popi" na "Bosi" kutoka mbali, upepo unachukua konsonanti na kuacha irabu, na irabu ni zilezile. Wote waligeuka kila nilipoita mmoja. Nilibadilisha jina ndani ya wiki.

Ugomvi na jinsia

Watu huuliza kwanza kuhusu kelele na chakula. Mimi ningewashauri waulize kwanza kuhusu jinsia. Mwaka 2011, watafiti wa Chuo Kikuu cha Tufts cha Marekani walichapisha uchunguzi wa jozi 38 za mbwa waliokuwa wakipigana ndani ya nyumba moja. Asilimia 79 ya jozi hizo zilikuwa za jinsia moja, na majike walihusika katika sehemu kubwa ya ugomvi huo, jambo linaloshangaza wanaodhani kwamba majike ni wapole. Vichochezi vilivyotajwa ni vya kila siku: mwenye nyumba kumpa mmoja umakini, msisimko, chakula, na vitu vilivyookotwa.

Ndugu wa tumbo moja hawana kinga dhidi ya hayo. Mbwa hukomaa kijamii kati ya mwaka mmoja na mitatu, na ndugu wawili hufika hapo kwa pamoja, wakiwa na nguvu sawa na bila mkubwa anayejulikana. Simba na Chui walikuwa wamekaribia miezi 18 nilipotoka Tunduma jioni moja, nikashuka kwenye bajaji, nikafungua geti na kuweka mkono kwenye kichwa cha Chui kwanza. Sikuona ilivyoanza. Niliona vumbi, kisha sikio la Chui likiwa kinywani mwa Simba, nami nikafanya lile ambalo hakuna anayepaswa kulifanya: niliingiza mkono kati yao. Jirani ndiye aliyewaachanisha, kwa ndoo ya maji ya kufulia aliyoimwaga juu ya vichwa vyao. Ndoo ya maji, ubao mpana au turubai linalosukumwa kati yao ndivyo vifaa sahihi. Mkono si kifaa.

Niliosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nikaenda hospitali ingawa wote wawili walikuwa wamechanjwa, kwa sababu kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu karibu hakuna anayepona, na uamuzi wa kuchoma sindano au kutochoma ni wa mganga, si wa mwenye mbwa. Baada ya siku ile Simba na Chui hawakuweza tena kula wakionana. Miezi miwili baadaye Chui alihamia kwa rafiki yangu aliyeko Chimala, ambako alikuwa mbwa mtulivu kabisa.

Basi je, kaka na dada? Ugomvi unapungua, lakini linaingia jambo jingine. Jike huweza kupata joto la kwanza, yaani kipindi cha kukubali dume, kuanzia miezi sita hivi, hurudia takriban kila nusu mwaka, na kila mara hudumu kama wiki tatu. Mbwa hawajui undugu, na mimba ni siku 63 tu. Katika njia ya pamoja, kaka na dada hukomaa karibu wakati mmoja, kwa hiyo huna nafasi ya kusubiri. Katika njia ya kufuatana una muda: Popi alifungwa kizazi kabla Jabali hajazaliwa, na nilipoamua kumhasi Jabali sikuwa na haraka. Atakayemhasi dume na kumwacha jike mzima akumbuke kwamba dume aliyehasiwa anaweza bado kutia mimba kwa wiki kadhaa baada ya upasuaji. Ulizia mapema kwa afisa mifugo wa kata yako ni daktari gani anafanya upasuaji huo, kwani si kila mji wa huku una anayeufanya kila wiki.

Ukubwa wa miili nao una uzito wake. Dume wa aina ya German Shepherd na kijike cha kienyeji cha kilo 12 wanaweza kupendana sana, lakini siku ya ugomvi, mwisho wa aliye mdogo huwa mbaya. Tafuta wanaokaribiana.

Chanjo, chakula na mfuko

Kwa gharama, mtu angetarajia njia ya pamoja iwe nafuu, kwa vile safari moja ya bajaji inabeba wawili. Ni nafuu kwa nauli pekee. Chanjo za utotoni, zile za kuzuia parvo na distempa, magonjwa mawili ya virusi yanayoua watoto wa mbwa, huanza wiki ya 6 hadi ya 8 na kurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne hadi wiki ya 16. Dawa za minyoo hutolewa mara kwa mara katika miezi mitatu ya kwanza. Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa kuanzia umri wa miezi mitatu na kurudiwa kama daktari atakavyoelekeza, kwa kawaida kila mwaka. Katika njia ya pamoja bili hizo zote huja mara mbili ndani ya robo moja ya mwaka. Katika njia ya kufuatana zinagawanyika, na kwa mwenye mshahara hilo si dogo. Baadhi ya halmashauri huendesha kampeni za chanjo ya kichaa karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na inafaa kusikiliza matangazo ya mtaa.

Lakini sababu nzito zaidi si fedha. Parvo ikiingia katika ua wenye watoto wawili ambao chanjo zao hazijakamilika, inaweza kuwachukua wote ndani ya wiki moja. Kirusi chake hukaa katika udongo kwa miezi mingi. Katika njia ya kufuatana, mbwa mkubwa aliyechanjwa hayumo hatarini kwa kiasi hicho, nawe una mmoja tu wa kumlinda asinuse kinyesi cha mbwa wa barabarani.

Kuhusu chakula, njia ya pamoja ni rahisi, na hili nalikiri. Wawili wa umri mmoja wanakula chakula kimoja kwa saa zilezile. Jabali alipofika alikula mara nne kwa siku na Popi mara mbili, na Popi hakuona sababu ya kutokula mara sita. Nililazimika kumlisha mdogo ndani ya jiko huku mlango umefungwa. Kwa vyovyote vile, kila mbwa awe na bakuli lake na mahali pake pasipoonekana na mwenzake, na mabakuli yaondolewe wakimaliza. Ugali na dagaa vinatosha kuanzisha vita kama nyama ya ng'ombe. Mifupa iliyopikwa isitolewe, kwani hupasuka vipande vikali. Na kwa wale wa Rungwe na Njombe ambao parachichi linadondoka lenyewe uani: nyama yake kidogo haimdhuru mbwa mwenye afya, ingawa mafuta mengi humharibia tumbo, lakini kokwa linaweza kukwama kooni au katika utumbo. Mbwa wawili wakishindania parachichi, mmoja huamua kulimeza zima. Okota yaliyodondoka kila asubuhi.

Kuzeeka nako kunatofautiana. Wa umri mmoja huzeeka pamoja, na nyumba inaweza kubaki bila mlinzi kwa mkupuo mmoja kama ilivyompata mlinzi.

Getini

Wengi wetu tunafuga kwa ajili ya ulinzi, na hapa watu huamini kwamba wawili wakali ni bora kuliko mmoja. Mbwa wawili ambao hawakufundishwa huchocheana: mmoja anabweka kwa wasiwasi, mwingine anabweka kwa sababu mwenzake anabweka, na ujasiri wa pamoja unapita ule wa kila mmoja akiwa peke yake. Anayeumia kwa kawaida si mwizi bali mtoto aliyetumwa kuomba chumvi. Mlinzi mwenye manufaa ni yule anayebweka mtu anapokaribia na kunyamaza ukimwambia anyamaze, na tabia hiyo hupandwa kwa mmoja kwanza. Kuwafunga mnyororo mchana kutwa ili wawe wakali usiku kunawafanya wawe na hofu na uchungu zaidi, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtaka mfugaji asimtese mnyama wake.

Kumkaribisha wa pili

Atakayechagua njia ya kufuatana ana siku moja ambayo mwenzake wa njia ya pamoja haijui, yaani siku ya kuwakutanisha. Kosa la kawaida ni kufungua geti na kumtupa mgeni ndani, hali mwenyeji amekaa miaka miwili akiamini kwamba kazi yake ni kuzuia wageni wasipite hapo.

Wakutane nje. Nilimwomba mtoto wa jirani ambebe Jabali, ambaye chanjo zake zilikuwa bado, hadi barabara tulivu ambayo Popi hakuizoea, nami nikaja naye kwa kamba upande wa pili wa barabara. Tulitembea sambamba, mita kumi hivi zikiwa kati yetu, kuelekea upande mmoja. Popi alivuta kamba, akanung'unika, akapata dagaa alipotulia. Tulipunguza umbali kidogo kidogo. Baada ya dakika 20 alimnusa, akapiga chafya, akageuka kunusa nyasi. Kugeuka huko ndiko nilikokuwa nikisubiri, kwa kuwa mbwa anayeona jambo kuwa la kawaida huliacha. Ndipo tukaingia uani, mabakuli na mifupa yote vikiwa vimeondolewa, Popi akitangulia.

Kwa wiki tatu za kwanza sikuwaacha pamoja bila mtu. Popi alimng'urumia Jabali mara kadhaa alipomvuta masikio, nami sikumkaripia, kwa maana kung'uruma ni onyo, na mbwa anayeadhibiwa kwa kuonya hujifunza kuuma bila kuonya. Nilichofanya ni kumpa mahali pa kukimbilia, kijukwaa cha mbao ambacho mdogo hakuweza kukipanda. Pengo la umri linafaa liwe kati ya mwaka mmoja na nusu na mitatu. Chini ya hapo wa kwanza hajatulia, na mzee wa miaka tisa mwenye maumivu ya viungo hastahili kuletewa mtoto wa kumrukia.

Ipo pia njia ya tatu, ya kumpokea mbwa mzima kutoka kwa mtumishi aliyehamishwa, na huku uhamisho haukomi. Unapata mbwa ambaye tabia yake imekwisha kuonekana. Mtembelee nyumbani kwake mara mbili, uliza kwa nini hasa anaachwa, dai kadi ya chanjo, kisha mkutanishe na wako barabarani kama nilivyoeleza.

Nani achague nini

Njia ya pamoja inaifaa kaya yenye watu wazima wawili walio nyumbani kwa sehemu kubwa ya siku, kila mmoja akikubali kwa kinywa chake kuwa mbwa fulani ni wake wa kufundisha na kutembea naye. Yenye fedha za chanjo zote mbili mkononi kabla ya boksi kuingia ndani. Na itakayochagua dume na jike, na ikiwezekana wa matumbo tofauti. Wenye shamba kubwa pembezoni mwa Mbarali au Kilolo, ambako mtu yuko na mbwa kutwa, mara nyingi wana sifa hizo. Mtu mmoja anayeishi mjini na kufanya kazi ya ofisi, au kaya yenye watoto wadogo ambao nao wanadai muda, ichukue mmoja. Dalili ya kuwa tayari kwa wa pili ni hii: unaweza kumwita wa kwanza katikati ya mchezo, geti likiwa wazi na mbwa wa jirani akipita, naye akaja. Kama bado, ongeza miezi.

Kwa yule ambaye amekwisha kuwaleta wawili na boksi liko jikoni sasa hivi, mambo hayajaharibika. Kuanzia juma la pili, walaze katika mabanda mawili yanayotazamana, kisha yasogeze mbali taratibu, umbali wa hatua moja kila usiku. Kila siku mmoja atoke nawe, hata kama ni kwenda dukani kununua vocha na kurudi, mwingine akiachiwa kitu cha kutafuna. Anza kwa dakika tano. Watalia, na jirani ataarifiwa mapema ili asidhani kuna msiba. Siku utakapomwita mmoja kwa jina, naye akaja bila kumtazama mwenzake, mpe dagaa mzima.